Jana Tulikula Nini?

Tangu nimerudi hamnipi nafasi. Nikifungua tu mlango nianze kuuza mikate, huyu anataka kujua Omani kukoje, yule anauliza kama ni kweli nimeona jini. Basi nimekaa niandike mara moja, msomeane hapo barazani, mie niachwe na mikate yangu ya ajemi. Habari za viza na tikiti hamzikuti humu, zilinichosha mwenyewe. Na jini sikumwona. Nilichokisikia nitakuambieni, mkiamini haya, msipoamini shauri yenu.

Kutoka Maskati hadi Ibra

Aliyenipokea uwanja wa ndege ni Nasor, mume wa Rahma. Rahma ni mtoto wa shangazi yangu Zuwena, na Shangazi ndiye sababu ya safari yote. Alikuwa amepotea. Alitoka nyumbani kwao Ibra asubuhi moja na mkoba wake mdogo, hakurudi. Polisi wanamtafuta, picha yake imezagaa kwenye simu za watu Omani nzima, naye ni bibi kizee, jua la kule mnalisikia tu. Rahma aliponipigia alikuwa analia. "Dada, njoo. Mama siku hizi anasema Kiswahili tupu, tena Kiswahili ya zamani. Mimi sifahamu anataka nini."

Nasor kazaliwa Bujumbura, Kiswahili chake cha bara, kinakwenda mbio utadhani anatangaza mpira. Mtu mwema, lakini hawezi kupita kituo cha petroli bila kusimama kunywa chai. Kila kituo chai, na kila nikimwambia twende, ananijibu, "Shemeji, tulia, tunafika." Na ndani ya gari baridi ya kugandisha. Nilijifunga kanga mbili kichwani nikawa napiga dua kimya. Nje milima myeusi, mikavu, haina hata kichaka. Niliitazama nikasema, Yarabi, bibi kizee ataponea wapi huku?

Ibra

"Shikamoo, dada." Rahma alinikumbatia mlangoni, kakonda.

"Marahaba, mwanangu. Mama yako alitoka vipi? Niambie toka mwanzo, usiruke hata neno."

Akaniwekea harisi, yaani bokoboko letu hili hili, ila wao hawalitii sukari. Akanisimulia huku mie nala. Msikiti wa karibu na kwao muadhini wake alikuwa mgonjwa. Siku moja kabla Mama hajatoka, adhuhuri, mtu mmoja akaweka adhana iliyorekodiwa kwenye simu, na kwa makosa akaweka ya alfajiri. Jua la utosi, spika inatangaza kwamba sala ni bora kuliko usingizi. Mtaa mzima ukacheka.

"Mama hakucheka," Rahma akasema. "Alizima jiko. Akafunga dirisha zote. Akaniambia, 'Wameshaushika mji.' Nikamwambia, nani, mama? Hakujibu. Kesho yake asubuhi hayupo."

Hapo kijiko kikanisimama mkononi.

"Na kuna kitu ingine," akaendelea. "Miezi hii yote anasema peke yake, 'Labda jana yake hakula nyumbani.' Anasema, halafu analia. Dada, nani huyo hakula?"

Nilisukuma sahani nikamwambia nimeshiba.

Nyinyi mnanijua tangu tuko skuli, lakini hili sijapata kukuambieni. Nyumbani kwetu, baada ya magharibi, mtu akigonga hafunguliwi kwa kutaja jina. Bibi yangu anauliza kwa ndani, "Jana tulikula nini?" Ukijibu sawa, komeo linatoka. Ukikosa, hapana anayetikisika. Majirani wakitucheka, wakituita watu wa jana. Sisi watoto tukiona mchezo.

Siku zile za mapinduzi, mji ulipochafuka, baba yangu Hamisi alitoka kwenda kutazama duka. Usiku hakurudi. Kesho yake jioni akagonga. Bibi alikuwa kitandani na homa, kwa hiyo aliyekwenda mlangoni ni Shangazi Zuwena, msichana mbichi wakati huo. Akauliza, "Jana tulikula nini?" Baba akajibu kwa nje, sauti yake ile ile, "Tulikula pilau." Na sisi jana yake tulikula papa mkavu kwa muhogo. Shangazi akarudi nyuma, akazima taa. Tukasikia viatu vingi vikiondoka, si vya mtu mmoja. Baba hatukumwona tena, wala kaburi lake hatulijui.

Hapana aliyelizungumza jambo lile. Bibi alikufa na homa ile. Shangazi akapelekwa Omani, akaolewa, akazaa. Na kumbe muda wote huo alikuwa anajiuliza: je, kaka yangu alijibu vile makusudi? Au jana ile alikula kwingine, kasahau tu, nami nikamfungia mlango usoni?

Njia ya Sur

Asubuhi nikamwambia Nasor atutie garini atupeleke Qalhati. Akaniuliza kwa nini Qalhati, pale pana magofu tu. Nikamwambia, washa gari, nitakueleza njiani.

Bibi yangu alikuwa na hadithi yake ya Juju wa Maajuju. Wenu walikutishieni Juju wa Maajuju mle mchicha. Kwetu sisi walikuwa watu kweli. Bibi akisema wazee wetu walikaa Khorasani, bara ya Waajemi, na wakawajia watu wa farasi kutoka nyika za mbali, Watatari, wakaufyeka mji hata paka hakubaki.

"Hao ni Wamongolia," Nasor akadakia. "Waliishika China, wakashika Uajemi, wakaiangusha Baghdadi. Nimesoma. Hawa watu walikuwa siriasi, shemeji."

"Umesoma. Mie nimesimuliwa. Nyamaza sasa."

Bibi akisema waliosalia walijificha mashimoni, chini ya maghala. Watatari wakawa wanajua kuna watu ndani ila hawajui wapi. Wakamkamata muadhini, wakampandisha juu ya mnara, wakamwambia, adhini. Watu mashimoni wakasikia adhana ya adhuhuri, wakasema alhamdulillahi, adui kaondoka, wakatoka kwenda kusali. Wakachinjwa mmoja mmoja wakitoka.

Ila mama mmoja hakutoka. Muadhini yule alikuwa mumewe. Alimsikia, katikati ya adhana ya adhuhuri, akilitia lile neno la alfajiri, kwamba sala ni bora kuliko usingizi. Akajua mume wangu hawezi kukosea hivi, ananiambia kitu. Akawaziba watoto wake midomo mpaka farasi wakaondoka. Sisi ndio kizazi cha mama yule. Na tangu hapo, Bibi akisema, mtu wetu akishikwa hutakiwa kukosea, na wa ndani hutakiwa kumsikiliza.

Rahma kaziba mdomo kwa shela. "Kwa hivyo mama alisikia ile adhana..."

"Akaona mji umeshikwa, akakimbia. Na wazee walipokimbia walivuka bahari kutoka Hormuzi, wakashukia Qalhati, halafu wakaenda ndani kujificha. Huko ndani wapi, Bibi hakututajia."

Ndipo Rahma akakumbuka jambo. Juzi yake alipigiwa simu na mwanamke aliyeiona picha, anasema yuko Sur, anazungumza Kiswahili. "Akasema mama alilala kwake, halafu kaenda kwenye ugomvi. Nikawaambia polisi. Wakaniuliza ugomvi uko wapi, wapi watu wanapigana? Hakuna. Tukaona hii mtu mwongo."

Nikamwambia ampigie simu huyo mwongo. Akapokea, akasema mchana mabosi wake hawapo, tuje wakati huo. Basi tukaupita Sur, tukaenda kwanza Qalhati.

Qalhati

Mahali penyewe ni mteremko wa mawe, bahari iko chini yake, na katikati limesimama kaburi moja kubwa ambalo kuba lake limeanguka. Mengine yote ni vifusi. Wanasema ulikuwa mji wenye masoko na wageni wa kila nchi. Sasa hapana mti, hapana mtu, hapana hata mbuzi.

Tukagawana. Nasor akashuka upande wa bahari, Rahma akaenda kwenye kuta za mbali akiita, "Mama! Mama!" Mie nikabaki kaburini kwenye kivuli, goti linaniuma. Upepo ulikuwa umekufa kabisa.

Nikaitwa. "Kibibi."

Nyinyi mnaniita Bi Asha. Kibibi hakupata kuniita mtu ila baba yangu. Ilitoka nyuma ya ukuta, karibu, sauti ya kawaida ya mtu anayekutaka uje umsaidie kitu. Nikaitwa tena, "Kibibi, njoo." Mdomo ulikuwa umeshafunguka niseme labeka, nikauziba kwa mkono kwa nguvu mpaka meno yakanikata.

Niliuliza kwa sauti ndogo, "Jana tulikula nini?"

Hapana kilichojibu. Nikangoja, nikazunguka ukuta. Mawe tu, na kinyesi cha ndege. Rahma aliporudi nilimwuliza kama ameniita, akasema yeye anamwita mama yake tu. Sikumwambia kitu, wala Nasor. Na safari hii Nasor aliposimama kunywa chai nilikunywa mbili.

Sur

Aliyepiga simu anaitwa Mwanaidi, binti wa Tanga, anafanya kazi za ndani. Nilipomwambia habari za saa hizi alinirukia shingoni.

"Bibi yenu aligonga hapa," akasema. "Nikauliza nani, naye kwa ndani ya buibui ananiuliza, ati jana tulikula nini! Nikacheka. Nikamwambia, mie jana nilikula wali na changu. Basi akanishika mkono akaniambia, 'Wewe mkweli, nipishe.' Akalala chumbani kwangu. Mabosi wakadhani jamaa yangu. Asubuhi akaita teksi yake mwenyewe, Kiarabu anakimwaga, akaniambia, 'Pwani si pa kukaa, watatufuata. Nakwenda mlimani kwenye migomba.'"

"Kwenye nini?" nikamwuliza.

"Migomba."

Nikamgeukia Rahma. "Migomba, mwanangu! Siyo ugomvi!"

"Migomba ni nini?"

Lahaula! Nilicheka na machozi yananitoka. "Mti wa ndizi! Mauzi! Mama yako kaenda kwenye mauzi!"

Nasor akajipiga paji la uso. "Birkat al Mauz. Mji wa migomba, chini ya jabali, karibu na Nizwa."

Rahma akakaa chini hapo hapo sakafuni. Siku mbili nzima za jua zimepita kwa neno moja. Nilimwambia asijilaumu, lakini moyoni nilikuwa na hasira, nakuambieni kweli, hasira za kuwalea watoto bila ya lugha. Halafu nikakumbuka wangu wako Dar, nao hawajui swali la komeo letu, nikanyamaza.

Mwanaidi hakukubali tuondoke na njaa. Alitupikia alichokuwa nacho, papa mkavu wa Sur, na muhogo alioununua duka la Wahindi. Papa alikuwa na chumvi ya kuunguza ulimi. Nilipomtia mdomoni nikaacha kutafuna. Kuna kitu kilinijia, nitakuambieni mbele. Gari nayo ikatugomea kuwaka, betri imekufa, fundi akaja jioni. Ikabidi tulale Sur.

Nizwa

Tulikuwa tushaanza safari mapema, barabara ndefu ya mchanga na miti ya miiba, polisi wakampigia Rahma. Kapatikana ajuza sokoni Nizwa, peke yake, hasemi. Tukaipita Birkat al Mauz bila kusimama, Nasor anaendesha utadhani anafukuzwa.

Ilikuwa Ijumaa, siku ya mnada wa mbuzi. Gari hazendi mbele wala nyuma. Tukashuka, tukapenya kwa miguu, mbuzi wananipanda miguuni, wanunuzi wanapiga kelele. Ajuza alikuwa amekaa kwenye kiti cha askari na chupa ya maji. Si Shangazi. Mama wa watu kutoka Bahla, mwanawe alikwenda kuegesha gari na kupotezana naye. Alikuwa hasemi kwa sababu amekasirika.

Rahma akamwomba radhi. Yule mama akamtazama, akamwambia kwa Kiarabu, Nasor akanifasiria, "Nenda upesi. Anayejificha hangoji." Na sisi tulikuwa hatujamwambia tunamtafuta nani wala kwamba kajificha. Hata Nasor hakusimama kunywa chai njiani.

Birkat al Mauz

Chini kuna mashamba ya migomba na mitende, maji ya falaji yanapita kwenye mfereji wake, baridi, watoto wanaogelea. Juu yake, kwenye mteremko wa jabali, kuna mji wa kale wa udongo uliohamwa. Nyumba zimesimama bila mapaa, milango imebaki matundu. Mwenye shamba mmoja alituambia aliona buibui likipanda kule siku tatu nyuma, akadhani mtalii. Na jana mtu kaiba maji yake ya kunywa na ndizi, naye kasamehe.

Tukapanda. Rahma akaita, nikamkataza. "Usimwite jina. Ukimwita ndiyo atajificha zaidi."

"Sasa tufanye nini?"

"Tungoje waadhini."

Tukakaa kwenye kizingiti kilichovunjika. Magofu yale yana kimya kibaya, kimya cha watu waliozuia pumzi. Kila tundu la mlango naona linatutazama. Kisha alasiri ikaadhiniwa kutoka msikiti wa chini. Sauti nzuri, ya mzee, imekaa sawa mwanzo hadi mwisho. Ilipokwisha nikasimama katikati ya kichochoro, nikasema kwa nguvu, "Kaadhini vyema. Hakukosea."

Ikaja kutoka nyumba ya kushoto, ndani kabisa, sauti kavu:

"Jana tulikula nini?"

Rahma alitaka kukimbilia, Nasor akamshika.

"Papa, Shangazi," nikajibu. "Papa kwa muhogo." Na ilikuwa kweli, kwa jana yangu na kwa jana yake.

Nikasikia pumzi. "Hamisi alisema pilau."

"Alisema pilau. Nilimsikia."

"Labda hakula nyumbani." Sauti ikakatika. "Labda alikula pilau kwa watu. Nami sikumfungulia."

Na hapo ndipo kiliponitoka kile kilichonijia Sur. Tangu siku ile mlango ulipofungwa hapana aliyeniuliza mie. Nilikuwa mtoto mdogo, nani ataniuliza? Nikasogea mlangoni.

"Alikula nyumbani, Shangazi. Kabla hajatoka kwenda dukani. Alinipakata. Papa ana chumvi, nikalia, akaniosha mdomo kwa kiganja chake, akanimegea muhogo mtupu. Papa wote akamla yeye. Alijua tulikula nini. Alisema pilau ili usifungue."

Nililia, sikuona haya. Baba yangu alisimama pale mlangoni kwake na watu nyuma yake, akautumia mwisho wake kusema uongo wa pilau, nasi tukapona. Nami nimeishi mpaka uzee bila kulitamka jambo hili hata mara moja.

Kikatoka kiganja kwanza, kimeshika ukuta. Halafu Shangazi mwenyewe, mdogo sana, vumbi tupu, midomo imepasuka. Rahma akamdaka. Shangazi akageuza kichwa, akauelekea ule mlango wa gofu, akasema kwa sauti ya msichana, "Nilikusikia, kaka. Nilikusikia."

Tulimshusha polepole, tukamnywesha maji. Kwenye mfereji akanivuta kanga nikainama.

"Kule kwenye kaburi, pwani. Ulipoitwa Kibibi, uliitika?"

"Sikuitika."

"Vyema," akasema, akaendelea kunawa uso.

Hospitali walimtia maji ya mshipa, wakasema ana nguvu kuliko sisi. Alipotoka, Nasor, kwa kutaka kumfurahisha, akamwuliza, "Mama, tukupikie nini leo?"

"Chochote," akasema Shangazi. "Ila si pilau."

Nyumbani

Rahma alinipigia juzi. Mama yake analala mlango wazi sasa, anakula, anawafundisha wajukuu kusema migomba. Muadhini wao kapona, na akiadhini, Shangazi husema, "Wetu huyo," kisha anakwenda kutawadha.

Mie ndiyo siwezi kulala mlango wazi, tangu Qalhati. Kwa hiyo mkija kwangu baada ya magharibi nami nikakuulizeni kwa ndani jana tulikula nini, msinicheke. Jibuni kweli, nitafungua. Na siku mkiwa mmesimama hapo na hamwezi kusema kweli, semeni pilau. Nitakuwa nimekusikieni.